Ribosomu za Upande wa Mama

Kila mwaka nikifika kwenye somo la ribosomu, nabeba cherehani ya mama hadi darasani. Ni ile ya kuzungusha kwa mkono, nyeusi, maua yake ya rangi ya dhahabu yameshafutika, na uzito wake unanitoa jasho kabla sijafika getini. Naiweka juu ya meza na wanafunzi wa kidato cha tano wanaanza kucheka kabla sijasema neno. Waache wacheke. Kitabu chetu kinasema, kwa Kiingereza kikavu, kwamba ribosomu hujishikiza kwenye mRNA na protini huanza kutengenezwa. Sentensi moja tu. Wanaikariri, wanaitapika kwenye mtihani, wanapewa alama zao, na wanaondoka shuleni hawajawahi kujiuliza inajishikiza wapi, kwa utaratibu gani, na kunatokea nini utaratibu huo ukiharibika. Sentensi ile inanikera mno, na miaka yote niliyofundisha haijanipunguzia kero.

Basi nafunga mlango, Kiingereza nakiacha nje, nawaeleza. Ribosomu ni vipande viwili, kimoja kidogo na kimoja kikubwa, na kabla ya kazi kila kimoja kinatembea kivyake ndani ya seli. Utepe wa maagizo unapotoka kwenye kiini cha seli, ndiyo hiyo mRNA, kipande kidogo ndicho kinachotangulia. Kinaushika kwenye ncha yake ya mwanzo, kikiwa na wasaidizi wake, kisha kinateleza juu yake kikitafuta herufi tatu za kuanzia. Kikizipata kinasimama. Hapo ndipo kipande kikubwa kinakuja kukaa juu, utepe ukabanwa katikati, na maagizo yakaanza kusomwa herufi tatu tatu.

Wakishaandika hayo naweka kitambaa kwenye cherehani. Bamba la chini ni kile kipande kidogo. Nasogeza kitambaa juu yake polepole mpaka alama ya chaki ifike chini ya sindano, kisha nashusha mguu wa cherehani, nao ndio kipande kikubwa. Nazungusha mkono, mshono unakwenda sawa. Halafu navunja njiti ya kiberiti, naichomeka pale kwenye bamba, karibu na tundu la sindano, na kuzungusha tena. Mashine haikatai. Inashona, lakini inashona upuuzi, uzi unaruka, nguo inajikunja, na ukiendelea unaharibu kitambaa chote. Nawaambia kuna dawa za kuua bakteria zinazofanya hivyo hivyo. Zinakwenda kujibana kwenye kipande kidogo cha ribosomu ya bakteria, naye anajitengenezea protini mbovu mpaka anakufa. Sisi hazitudhuru hivyo kwa sababu ribosomu zetu zina umbo jingine.

Hapo kawaida kengele inakaribia kulia na wengine wanafunga madaftari. Nawazuia. Ndani ya seli zetu, nawaambia, kuna mitokondria, na mitokondria zina ribosomu zao wenyewe, ndogo ndogo, zinazofanana na za bakteria kuliko zinavyofanana na zetu. Kuna watu ambao katika kile kipande kidogo cha ribosomu hizo herufi moja imebadilika. Herufi moja. Wanaishi vizuri, wanaolewa, wanazaa, hawajui lolote, mpaka siku wachomwe sindano ya dawa ile. Dawa inakuta mahali pa kujibana. Seli za ndani ya sikio ndizo zinazoharibika, na zikifa hazioti tena. Mitokondria mtu anazipata kwa mama yake tu, kwa hiyo jambo hili linatembea upande wa mama, kutoka tumbo hadi tumbo.

Kuna mwaka binti mmoja aliuliza kama watu hao wapo kweli au ni mambo ya vitabuni. Nilimwambia wapo, na wengine wanakaa hapa hapa mjini, mtaa wa Ngamiani. Darasa likacheka tena.

Mama yangu hasikii. Naandika hivyo wazi kwa sababu nimekulia kwenye nyumba ambayo sentensi hiyo ilikuwa haramu. Alipoteza masikio nikiwa shule ya msingi, baada ya kulazwa kwa ugonjwa wa kifua na kuchomwa sindano wiki nyingi. Alirudi nyumbani kifua kimepona, akashangaa kwa nini sote tunanong'ona. Bibi, mama yake, alikuwa ametangulia kupoteza masikio kwa njia hiyo hiyo. Mama mdogo akafuata, yeye baada ya kidonda cha mguu kilichotunga usaha, akaandikiwa sindano za masaa. Aliyebaki na masikio ni mama mkubwa, dada yao, ambaye anaogopa sindano tangu utoto na hajawahi kukubali kuchomwa. Mama mkubwa anasikia hata paka akikanyaga mkeka.

Watu wa nyumbani walisema ni upepo mbaya. Sisi kwa asili ni Wadigo, na wazee wetu walihesabu ukoo kwa mama, kwa kile wanachokiita fuko. Ungedhani watu wanaohesabu fuko kwa vizazi na vizazi wangeona kwamba tatizo limefuata mstari ule ule. Waliliona vizuri sana, na kwa sababu waliliona wakaamua kulificha, maana wasichana walikuwa bado hawajaolewa. Nani angeposa kwenye nyumba ya viziwi?

Tulijifunza kuficha kama watoto wengine wanavyojifunza kupika. Ndani ya nyumba, ukitaka kusema na mama, unamgusa bega kwanza. Anageuka, anakutazama mdomo, unasema pole pole naye anakujibu bila taabu. Mama ni mcheshi, ana maneno ya kukuchekesha mpaka ushike mbavu. Lakini mgeni akibisha hodi, mama mkubwa alikuwa ametukataza kabisa kumgusa bega, kwa sababu wageni wangeuliza mbona mnamshikashika. Kwa hiyo mbele ya wageni mama alikaa kitako, kanga kichwani, akitabasamu na kuitikia kwa kichwa kila anaposemeshwa. Waliomjua kidogo walisema mpole. Waliomjua kidogo zaidi walisema anaringa. Mama mkubwa akiambiwa kwamba ndugu yake anaringa alifurahi, nami nilimwona akifurahi, na tangu udogo jambo hilo lilinichoma.

Nilipokuwa chuoni nikafundishwa habari za ile herufi moja, niliandika pembeni mwa daftari: bibi, mama, mama mdogo. Likizo ile nilirudi nyumbani, nikawakusanya wote chumbani kwa mama, nikawaeleza. Nilisema hatujapimwa, sina karatasi ya maabara mkononi, lakini wanawake watatu wa fuko moja, kila mmoja baada ya sindano za aina ile, haiwezi kuwa upepo. Nikasema anayezaliwa na mwanamke wa nyumba hii asichomwe dawa za jamii ile ikiwa ipo nyingine ya kumtibu, na akilazwa popote amwambie daktari mapema. Mdogo wangu wa kike alikuwepo, wakati huo bado yuko sekondari, na aliniahidi. Mama alinitazama mdomo mwanzo mpaka mwisho, kisha akalia, kwa sababu siku zote aliamini alilaaniwa. Mama mkubwa alisubiri nimalize.

"Tumekusikia, mwanangu," akasema. "Elimu yako tumeipokea. Ila neno hili lisivuke mlango huu."

Miaka ikapita. Mdogo wangu akaposwa na watu wa Horohoro, kule mpakani, wafanyabiashara wa nguo, watu wa heshima zao. Walikuja kuleta posa wamevaa vizuri, na mama wa kijana akakaa karibu na mama yangu kwenye mkeka. Nilikuwa napita na sinia la kahawa nikamsikia akimuuliza, kwa sauti ya kirafiki, "Mkwe, Mungu amekujaalia watoto wangapi?" Mama akatabasamu na kuitikia kwa kichwa. Mama mkubwa akaruka pale pale, akajibu yeye, akaongeza na habari za bei ya nazi ili kufunika. Mkwe naye akatabasamu. Posa ikapokelewa, harusi ikawa, na mama mkubwa akatembea mtaani wiki nzima kifua mbele.

Mimba ya kwanza mdogo wangu alirudi kwetu kujifungua, kama ilivyo desturi. Alijifungua hospitali, mtoto wa kike, akatoka mzima. Mimi nilikuwa kwenye nyumba ya shule, wiki ile ya ribosomu, cherehani ya mama iko darasani. Baada ya siku chache nikapiga simu kumjulia hali. Mama mkubwa ndiye aliyepokea, akasema mdogo wangu ana homa ya maziwa, isinitie hofu, nifanye kazi yangu. Siku ya pili yake akaniambia vile vile. Haikuwa homa ya maziwa. Alikuwa amelazwa na maambukizi ya kizazi, anatetemeka kitanda kizima, na mtoto yuko naye pale pale. Niliambiwa na jirani wa mama, nikiwa nanunua vitunguu sokoni, na jirani mwenyewe alishangaa kwamba sijui.

Nilifika wodini na vitunguu mkononi. Mdogo wangu alikuwa amelala upande wa ukuta. Mama alikaa miguuni kwake, mama mkubwa kwenye kiti, na mkwe kutoka Horohoro alikuwa amekuja tangu juzi kumwona mjukuu, ameshika mkono wa mdogo wangu anampepea kwa upindo wa kanga. Kwenye kigari cha nesi kulikuwa na vichupa vya jentamisini. Nikasoma jina: ni dawa ya jamii ile ile. Nikauliza za nani. Nesi akasema za mama mzazi, ameshaanza tangu juzi na leo homa imeshuka, na sasa anaandaa dozi ya mtoto kwa sababu naye amechemka tangu asubuhi.

Sikumbuki niliviweka wapi vile vitunguu. Nilimwambia nesi asimguse mtoto. Akaniuliza mimi ni nani, nikasema mama yake mkubwa, mwalimu wa biolojia, nikataka daktari. Daktari akaja, kijana mstaarabu, akanisikiliza. Nilimuuliza kwa nini ametoa dawa hii bila kuuliza habari za ukoo.

"Niliuliza, mwalimu," akasema. Hakukasirika. "Kabla ya kuandika dawa hii huwa nauliza. Nilimuuliza mama wa mgonjwa, huyu hapa, kama kuna mtu wa ukoo wake aliyeharibikiwa masikio baada ya sindano. Akaitikia kwa kichwa, nami nikasimamisha kalamu. Ndipo huyu mama mwingine akacheka, akasema huyo anaitikia dua tu, daktari, hakuna kitu kama hicho, sisi sote wazima."

Nikamgeukia mama mkubwa. Alikuwa anatazama feni ya darini.

Hasira niliyoipata pale sijawahi kuipata kabla wala baada. Ilinifanya nitulie. Nilizunguka kitanda, nikaenda kusimama nyuma ya mama, na mbele ya daktari, mbele ya nesi, mbele ya mkwe wa Horohoro, nikamgusa bega. Mama alishtuka. Aligeuka akamtazama kwanza mama mkubwa, kama mtoto anayetafuta ruhusa, kisha akanitazama mdomo.

"Mama," nikasema, "mwambie daktari masikio yako yalipotea lini."

Mama mkubwa alinifinya mkono chini kwa chini, akanong'ona, "Tusitiri, mwanangu, tusitiri." Nikautoa mkono wangu. Mama akamtazama daktari na akasema, kwa ile sauti ya juu ya mtu asiyejisikia, wodi nzima ikageuka, "Zamani, baba, baada ya sindano za kifua. Na mama yangu. Na mdogo wangu."

Daktari aliondoa kile kichupa kwenye kigari kwa mkono wake mwenyewe, akaandika dawa nyingine kwa mtoto na nyingine kwa mama yake, akaeleza ni dawa za namna gani na kwa nini hizo hazina shida hiyo. Mtoto alipona. Leo akilia nyumba nzima inamsikia, na chupa ikidondoka jikoni anageuza kichwa. Nimejaribu mara nyingi, nikisimama nyuma yake na vifuniko vya sufuria, mpaka watu wananiona mwehu.

Mdogo wangu dawa ilikuwa imeshamfikia. Tulikuwa bado hospitali aliponiuliza nani amewasha jenereta. Hapakuwa na jenereta. Mlio ule ulikaa masikioni kwake siku kadhaa, kisha ukaanza kupungua na akafurahi, akadhani anapona, kumbe ulipungua pamoja na vingine vyote. Aligundua mwenyewe alipowaona wanaume wa mtaani wanaelekea msikitini na yeye hajasikia adhana. Sasa akilala na mtoto anaweka kiganja juu ya kifua chake kidogo, ili akilia atetemeshwe mkono. Ndivyo anavyolala usingizi wake, mwanamke ambaye hajafika hata miaka thelathini.

Mama mkubwa nilimfuata chumbani kwake. Sikumwamkia. Nilimuuliza anajua alichofanya au hajui. Akaniambia ninamkosea adabu, ndoa ilikuwa changa, mkwe amekaa pale pale, nilitaka amtangaze mdogo wangu kwamba ni kizazi cha viziwi? Alimsitiri mtoto wake, akasema, na Mungu anajua nia yake. Nikamwambia Mungu anajua pia kwamba daktari alisimamisha kalamu. Akalia. Nilimwacha alie, na nikiandika hivi bado sijamwonea huruma. Labda itakuja. Watu wananiambia ni mama yako yule, amekulea. Ndiyo, amenilea, na alinifundisha kusema uongo kwa tabasamu kabla sijajua kusoma.

Nilidhani hasira yangu imeshapata pa kukaa, kwa mtu mmoja. Kisha mdogo wangu akaniharibia. Tulikuwa tumekaa barazani, nimemshika bega kwanza kama tunavyofanya, nikamuuliza alikuwa na fahamu siku ile daktari alipouliza, au homa ilikuwa imemchukua.

"Swali nililisikia, dada," akasema. "Mama mkwe alikuwa amenishika mkono."

Alikuwa ameniahidi akiwa bado na sare ya shule, akayashika niliyomfundisha yote, anaweza kukuchorea kile kipande kidogo na kile kikubwa, na siku ilipofika akanyamaza kwa sababu mkwe amemshika mkono. Nilitaka kumpiga kofi. Nilitaka pia kumbeba. Nikaingia ndani nikaosha vyombo vilivyokuwa safi.

Ikafika arobaini ya mtoto. Watu wa Horohoro wakaja, maulidi yakasomwa, pilau ikaliwa, na jikoni nikakutana na mkwe anamimina chai, nikampokea birika. Nikamwamkia, "Shikamoo mama," akaitikia vizuri. Niliona bora nimwambie mwenyewe, ili kesho asiseme ameuziwa mbuzi kwenye gunia. Nikamwambia kwamba mdogo wangu hasikii tena, kwamba mtoto naye amebeba ile ile, anasikia vizuri leo lakini asichomwe dawa ile maisha yake, na nyumba nzima ya Horohoro lazima ijue, mpaka mtoto wa mwisho. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi. Nilikuwa nautaka.

"Sisi tulijua, mwanangu," akasema. "Tangu siku ya posa. Nilimuuliza mama yako watoto wangapi, akaniitikia ndiyo."

Niliweka birika chini.

"Kwetu halikuwa neno," akaendelea, kwa upole, anakoroga sukari. "Nilimwambia mwanangu, mke anaolewa kwa tabia. Na kwa kuwa ninyi hamkutaka kulisema, nasi tukalinyamazia. Hata pale hospitali, daktari alipouliza, nilijisemea moyoni, wenyewe wapo, si adabu mimi mgeni niwaumbue."

Alinipa kikombe cha chai. Nilikipokea, kwa sababu hata katika hali ile nilikuwa nimelelewa kupokea chai kwa mikono miwili. Nilisimama nacho mpaka kikapoa.

Basi hesabu nilikuwa nimeikosea. Mama mkubwa alijua akakana. Mdogo wangu alijua akanyamaza. Mkwe alijua akaona haya kwa niaba yetu. Kitu tulichokificha kwa nguvu zetu zote, kikatugharimu kucheka kwetu na mama mbele ya watu, hakikuwahi kufichika hata siku ya kwanza, na tuliofichwa tulikuwa sisi wenyewe. Kuzunguka kitanda kile watu wote waliosikia swali walikuwa na jibu mkononi, isipokuwa yule aliyeuliza. Na kila mmoja wao ukimsema atakuambia alifanya kwa heshima. Nimeichoka heshima hiyo.

Siku hizi nakwenda kwa mama kila Jumapili. Cherehani nimemrudishia, ipo mahali pake dirishani, na anashona kwa kuweka kiganja kimoja juu ya mashine ili aisikie kwa mkono. Jumapili moja alikuwa anamshonea mjukuu gauni. Alipofika mwisho wa mshono, kabla hajainua mguu wa cherehani, akaniuliza bila kunitazama.

"Kule hospitali, kabla hujafika, yule daktari alisema nami kitu ameinamia karatasi. Nilimwona anasubiri. Aliniuliza nini?"

Nilikaa. Ningeweza kumwambia alikuuliza hali, au alikuuliza jina la mtoto, na angeamini, na ningekuwa nimefanya kama wao. Nikamgusa bega. Akageuka, akanitazama mdomo, nami nikamwambia lote, pole pole, neno kwa neno. Kwamba aliuliza kama kuna mtu wa ukoo aliyepoteza masikio baada ya sindano. Kwamba alimuuliza yeye, mama mzazi, kabla ya mtu mwingine yeyote. Kwamba alisimamisha kalamu.

"Nami nikajibu nini?"

"Uliitikia kwa kichwa, mama. Ulisema ndiyo."

Akarudisha macho kwenye cherehani. Akainua mguu, akatoa gauni, akakata uzi kwa meno, akalikunja vizuri juu ya paja lake. Nilidhani amemaliza.

"Walikuwepo wote pale," akasema. "Na hakuna aliyenigusa bega?"

Nikamwambia hakuna.